Tundu Lililo Chini ya Simu Yako

Simu yangu ilipoanza kupitisha sauti kwa shida, kiasi kwamba dada yangu aliyeko Tanga alikuwa akikata na kupiga upya mara tatu ili asikie sentensi moja, niliipeleka kwa kijana mmoja mwenye meza ya ufundi Kariakoo. Aliiwasha, akajirekodi kidogo, akasikiliza, kisha akasema bila kusita, "Mwalimu, maiki imeziba." Akachukua pini ya kutolea laini, akaitia katika tundu dogo lililo ukingoni, karibu na mahali pa kuchajia, akaisukuma mara mbili. Mara ya pili nilihisi, zaidi ya kusikia, kitu kikikatika. Tulipojaribu kurekodi tena, hata ule mkwaruzo wa awali haukuwepo. Palikuwa kimya kabisa. Ikabidi afungue simu, aipashe bodi moto kwa blowa, ang'oe ile maiki na kuweka nyingine aliyoitoa katika bodi ya simu mbovu.

Nilimwomba ile iliyokufa, naye akanipa huku akishangaa ninaitakia nini. Kesho yake, katika karakana ninakofundisha elektroniki, niliibandua kifuniko chake cha bati kwa wembe na kuiweka chini ya hadubini. Kijisanduku chote hakikuzidi punje ya mchele kwa urefu. Ndani yake mlikuwa na chipu mbili zilizounganishwa kwa nyuzi za dhahabu nyembamba kuliko unywele. Chipu moja ilikuwa ya kawaida, ya kukuza mawimbi ya umeme. Ya pili ilikuwa na duara katikati, na juu ya duara hilo palipaswa kuwa na utando wa silikoni uliowambwa kama ngozi ya ngoma. Utando huo ulikuwa umechanika kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na vipande vyake viling'aa kama magamba ya dagaa.

Kijana yule hakuwa mzembe. Alifanya jambo ambalo kwa maiki za zamani, zile kubwa zenye kitambaa cheusi mdomoni, pengine lisingeleta hasara yoyote. Ila hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ndani ya tundu lile mna mashine: kitu chenye sehemu inayocheza, yenye unene wa karibu mikromita moja, yaani mara sabini au themanini kwa wembamba kuliko unywele wa binadamu. Nimeona niandike kwa kirefu kuhusu mashine za aina hiyo, mahali zilipofika na zinakoelekea, kwa sababu nimezidi kuamini kwamba hatima yake haitaamuliwa tena na udogo wake. Udogo umekwisha kupatikana. Kinachobaki kuwa kigumu ni lile tundu, yaani mahali ambapo mashine hizi hukutana na ulimwengu wenye vumbi, chumvi, unyevu na vidole vya watu.

Wataalamu huziita mifumo mikro ya umeme na mitambo, na duniani kote hujulikana kwa herufi MEMS. Jina ni refu lakini maana yake si ngumu. Chipu ya kawaida, kama ile inayoendesha kompyuta, haina kitu kinachotikisika ndani yake. Kinachosafiri ni umeme peke yake. Katika MEMS, silikoni ileile huchongwa ikawa springi, boriti, utando, kioo au meno ya kitana, na vitu hivyo hujipinda, hutetemeka au hugeuka kwelikweli. Vipimo vyake kwa kawaida huanzia mikromita moja hadi mia chache. Mtikisiko hugeuzwa kuwa umeme, au umeme hugeuzwa kuwa mtikisiko, na kazi yote ya mhandisi imo katika mabadilishano hayo.

Watu wengi hudhani silikoni ni kitu dhaifu kama kioo cha dirisha. Dhana hiyo ina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba silikoni hupasuka bila kuonya, lakini ugumu wake wa kupinda unakaribia ule wa chuma cha pua, na fuwele yake moja isiyo na kasoro inaweza kupindwa na kurudi mara mabilioni bila kuchoka kama metali zinavyochoka. Mmarekani Kurt Petersen aliyakusanya hayo yote mwaka 1982 katika makala iliyoeleza silikoni kama malighafi ya mitambo, na hadi leo wanafunzi wa fani hii huanzia hapo. Kabla yake, mwaka 1954, Charles Smith wa maabara za Bell alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba silikoni ikibanwa au kuvutwa, ukinzani wake wa umeme hubadilika kwa kiasi kikubwa kuliko ule wa metali. Kutokana na ugunduzi huo vikazaliwa vihisi vya kwanza vya shinikizo: utando mwembamba wa silikoni unaovimba au kubonyea kwa nguvu ya hewa, na vipande vinne vya ukinzani ukingoni vikitoa taarifa ya mvimbo huo. Mashine za hospitali za kupima presha moja kwa moja na injini za magari zimeishi kwa wazo hilo kwa miongo mingi.

Lakini kilichoitoa teknolojia hii maabara na kuiingiza katika maisha ya watu wa kawaida ni mfuko wa hewa wa gari, na hapa naomba tukae kidogo. Mfuko ule lazima uamue kufumuka katika muda ambao dereva hajawahi hata kushtuka. Katika magari ya mwanzo yaliyokuwa nao, uamuzi ulifanywa na vifaa vya kimakanika, kwa mfano kipira cha chuma kilichoshikiliwa na sumaku ndani ya mrija: gari likigonga, kipira huchomoka katika sumaku, husafiri na kuunganisha nyaya mbili. Vilihitajika kadhaa sehemu mbalimbali za gari, vilikuwa ghali, na hapakuwa na njia rahisi ya kujua kama kimojawapo kimekwama mpaka siku ya ajali yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Analog Devices ya Marekani ikaleta chipu iliyoitwa ADXL50. Ndani yake kulikuwa na kijiti cha silikoni chenye uzito wa takriban sehemu moja ya kumi ya mikrogramu, kikining'inia kwa springi, na ubavuni mwake kikiwa na meno yaliyopishana na meno mengine yasiyotikisika, kama vidole vya mikono miwili vinavyokaribia kufumbatana bila kugusana. Gari likifunga breki ghafla, kijiti huendelea mbele kidogo, nafasi kati ya meno hubadilika, na pamoja nayo hubadilika uwezo wa meno hayo wa kuhifadhi chaji. Nafasi yenyewe ilikuwa zaidi kidogo ya mikromita moja, na chipu iliweza kutambua msogeo mdogo kuliko upana wa atomu.

Jambo linalonivutia zaidi katika chipu hiyo ni kwamba iliweza kujipima yenyewe. Kila gari lilipowashwa, umeme mdogo ulipelekwa kwenye meno, kijiti kikavutwa makusudi, na kompyuta ya gari ikaangalia kama taarifa iliyotoka inalingana na mvuto huo. Kifaa kilichokuwa kikikaa miaka kumi bila mtu kujua kama ki hai sasa kilitoa ripoti ya afya yake kila asubuhi. Bei nafuu na udogo vilisaidia, lakini kwa maoni yangu uaminifu huo ndio uliowashawishi watengenezaji wa magari.

Mengine yalifuata kwa kasi. Mwaka 2006 kampuni ya Nintendo iliuza mchezo wa Wii uliomtaka mtu apunge mkono hewani, na mwaka uliofuata simu ya iPhone ilianza kugeuza picha kila mtu alipoilaza. Mwaka 2010 ikaongezwa jairoskopu, yaani kihisi cha mgeuko, ambayo katika umbo hili haina gurudumu linalozunguka hata kidogo. Ni vipande vya silikoni vinavyotetemeka kwenda na kurudi maelfu ya mara kwa sekunde, na simu inapogeuzwa, mtetemo huo husukumwa pembeni kwa kani ileile ya Coriolis inayopindisha pepo za Bahari ya Hindi. Maikrofoni za silikoni nazo zilianza kuenea miaka hiyohiyo ya 2000, na sababu yake ni ya kiwandani kabisa. Maiki za zamani zilihifadhi chaji ndani ya plastiki, na joto la kuyeyushia solda, ambalo hufika nyuzi 260, huiharibu chaji hiyo. Kwa hiyo zilipaswa kuwekwa mwishoni, kwa mkono au kwa soketi. Maiki ya silikoni hupita tanurini pamoja na vipande vingine vyote. Simu moja ya leo huwa na mbili au tatu, na fundi wa Kariakoo akiweza kuihamisha kwa blowa kutoka bodi moja hadi nyingine, anafaidi ustahimilivu huohuo uliowafurahisha wenye viwanda.

Namna zinavyotengenezwa inastahili kuelezwa kwa sababu ndiyo inayotawala gharama zake. Njia ya kwanza ni ya kujenga juu ya sahani ya silikoni: hutandazwa tabaka la oksidi, juu yake hutandazwa tabaka la silikoni linalochorwa umbo la kijiti au kitana, kisha oksidi iliyo chini huyeyushwa kwa asidi na kuacha umbo likining'inia. Tabaka linaloyeyushwa ndugu zetu wahandisi huliita tabaka la kafara, na sijaona jina la kitaalamu linaloeleweka kwa Kiswahili kwa urahisi kama hilo. Njia ya pili ni ya kuchimba kwenda chini. Franz Laermer na wenzake wa kampuni ya Bosch, Ujerumani, walibuni mwanzoni mwa miaka ya 1990 namna ya kuchimba mashimo yenye kuta wima: gesi moja inang'ata silikoni kwa sekunde chache, gesi nyingine inapaka kuta utando wa kuzilinda, kisha ya kwanza inarudi, zamu kwa zamu, mara mamia. Karibu kila jairoskopu iliyomo katika simu yako imepitia uchimbaji wa namna hiyo. Niongeze kwamba gesi inayong'ata, heksafloridi ya salfa, ikivuja angani huhifadhi joto mara zaidi ya 20,000 kuliko hewa ya ukaa kwa uzito uleule, hivyo viwanda vinavyoitumia vina wajibu mzito wa kuichoma kabla haijatoka.

Adui wa kwanza wa mashine hizi ni maji. Asidi ikishamaliza kazi, sahani husuuzwa, na tone la mwisho linapokauka, mvuto wa uso wa maji huvuta kijiti chini mpaka kikagusa sakafu. Kikishagusa hakiinuki tena. Katika ukubwa wetu, tone la maji haliwezi kuangusha mti. Katika ukubwa huo, uzito hauna maana yoyote na mnato ndio mfalme. Miaka mingi ya utafiti ilitumika kutafuta tu namna ya kuvikausha vitu hivi salama, kwa mvuke wa asidi badala ya asidi ya maji au kwa dioksidi ya kaboni iliyobanwa hadi isiwe gesi wala kimiminika.

Baada ya hapo ndipo linapokuja suala nililolianzia. Chipu ya kompyuta unaweza kuifunika kwa plastiki ngumu ukaisahau, maana haihitaji kukutana na chochote isipokuwa umeme. Kihisi hakiwezi kufungiwa hivyo. Maikrofoni isiyo na tundu ni kiziwi, na kihisi cha shinikizo kisichoguswa na hewa hakina la kupima. Kwa hiyo kila bidhaa ya MEMS ni mapatano: nini kiruhusiwe kuingia na nini kizuiwe. Jairoskopu hutaka ombwe, yaani mahali pasipo hewa. Kihisi cha mchapuko, kama ile ADXL50 ya magari, hutaka gesi kidogo ili kisitikisike kupita kiasi. Kipima hewa hutaka tundu lenye jeli. Ndiyo maana kifungashio na majaribio mara nyingi hugharimu zaidi ya chipu yenyewe, na ndiyo maana fani hii haijawahi kupata njia moja ya kutengeneza kila kitu. Kila bidhaa mpya hudai utaratibu wake na kasha lake. Mradi wa vioo vidogo vya projekta wa Larry Hornbeck wa Texas Instruments ulianza mwaka 1977, umbo lenye kufaa likapatikana 1987, na bidhaa zikaingia sokoni 1996. Mtu anayekuambia kwamba kihisi kipya kitakuwa dukani baada ya miaka miwili, mwulize kitafungwa katika nini.

Kisa kimoja cha mwaka 2018 kinalionyesha jambo hili vizuri kuliko hesabu zozote. Katika hospitali moja karibu na Chicago, walipokuwa wakifunga mashine mpya ya MRI, gesi ya heliamu ilivuja na kuingia katika njia za hewa za jengo. Simu na saa za Apple za wafanyakazi, makumi kadhaa, zilizimika. Simu za aina nyingine ziliendelea kufanya kazi kama kawaida. Maelezo yaliyopatikana ni kwamba simu zilizozimika zilipata mapigo ya saa yake kutoka kwa kitetemeshi cha silikoni kilichofungiwa ndani ya ombwe badala ya fuwele ya kwatsi. Atomu za heliamu ni ndogo mno hivi kwamba zilipenya kuta za kasha, zikaharibu ombwe, na mapigo yakapotea. Baada ya siku chache heliamu ilijitokea yenyewe na simu nyingi zikazinduka. Ukuta uliotosha kuzuia maji, vumbi na hewa haukutosha kuzuia gesi ya baluni.

Sisi tunaoishi pwani tuna heliamu yetu, nayo ni chumvi. Pamoja na wanafunzi wangu tuliwahi kuweka juu ya paa vipande sita vya bei nafuu vinavyopima shinikizo, joto na unyevu katika kasha moja la chuma lenye ukubwa wa punje ya dengu. Wiki za kwanza ziliwafurahisha sana. Shinikizo la hewa hushuka kwa hektopaskali moja kila unapopanda mita nane hivi, na vipande vile viliweza kutofautisha ghorofa ya kwanza na ya pili bila taabu. Mwanafunzi mmoja alipanda na kushuka ngazi na kipande mkononi mpaka akatokwa jasho. Masika yalipopita tulivishusha. Vinne vilikuwa vimekwama katika unyevu wa karibu asilimia mia hata vilipowekwa ndani ya kasha kavu, na viwili vilitofautiana katika shinikizo kwa zaidi ya hektopaskali mbili ilhali vililala ubavu kwa ubavu. Karatasi za watengenezaji hutaja usahihi wa kifaa kikiwa kipya. Umri wa kifaa hicho mita mia tatu kutoka baharini, chini ya jua letu, hakuna karatasi iliyotuambia, ikabidi tuuandike wenyewe.

Nimelisema hili kwa sababu hali ya sasa ya teknolojia hii inaweza kumpotosha mtazamaji. Ukitazama simu peke yake, utaona soko lililoshiba: vihisi vilevile, bei ikishuka mwaka hadi mwaka, faida nyembamba. Kampuni nyingi zilizoanza kwa matumaini zimemezwa na chache kubwa. Lakini ukitazama pembeni, mambo yanachemka. Katika darubini ya anga ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, kuna karibu robo milioni ya vidirisha vya MEMS, kila kimoja kikiwa na upana wa mikromita 100 na urefu wa 200, vinavyofunguliwa na kufungwa ili nuru ya galaksi teule ipite na ya nyingine izuiwe. Mwaka 2018 chombo cha InSight kilitua Mirihi kikiwa na vipima mitetemeko vya silikoni vilivyotengenezwa Imperial College London. Google imeeleza hadharani kwamba katika vituo vyake vya data hutumia vioo vya MEMS, zaidi ya mia katika kipande kimoja, kuelekeza nuru kutoka uzi mmoja wa kioo hadi mwingine bila kuigeuza kuwa umeme, na hivyo kuokoa nishati nyingi. Mwishoni mwa 2023 vipokea sauti vya masikioni visivyo na waya, vyenye spika za silikoni, vilianza kuuzwa. Na kampuni kubwa za vihisi sasa huweka ndani ya chipu ileile kijikompyuta kinachotambua kama mtu anatembea, anaanguka au amelala, ili simu yenyewe iendelee kulala.

Katika hayo yote, linalonigusa zaidi ni ultrasaundi. Mashine za kawaida hutumia fuwele zinazokatwa na kupangwa kwa ustadi mkubwa, na kila kina cha mwili huhitaji kichwa chake. Kifaa cha Butterfly, kilichopata idhini Marekani mwaka 2017, kina takriban ngoma ndogo 9,000 za silikoni juu ya chipu moja, zinazopigwa na umeme na kusikiliza mwangwi unaorudi. Kwa kubadilisha namna zinavyopigwa, kichwa kimoja hutazama moyo, mapafu na mimba, na picha hutokea kwenye simu. Kilipotoka kiliuzwa kwa chini ya dola 2,000. Mwaka 2022 mamia ya wakunga na wahudumu wa afya nchini Kenya walikabidhiwa vifaa hivyo na kufundishwa, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mama mjamzito ambaye zamani angesafirishwa hadi hospitali ya kaunti ili ijulikane tu kama mtoto amelala vibaya anaweza kuangaliwa kwenye zahanati ya karibu. Ni utando uleule uliochanika mezani kwa fundi wangu, ukizidishwa mara elfu tisa.

Hapa Tanzania wapo waliotumia hata simu za bei ya chini kwa njia ambayo watengenezaji wake hawakuiwaza. Mradi wa HumBug wa Chuo Kikuu cha Oxford, ukishirikiana na Taasisi ya Afya Ifakara, uliweka simu kwenye mifuko iliyoshonwa juu ya vyandarua ili maikrofoni zake zinase sauti ya mbawa za mbu usiku, kisha programu itambue kama ni anofelesi, mbu waenezao malaria, au la. Mbawa za mbu hupiga mara mamia kwa sekunde, na kila spishi ina lahaja yake. Nikifikiria utando wa mikromita moja ukitikiswa na mdudu anayezunguka chandarua bondeni Kilombero, naona matumizi ya heshima kuliko picha zote za kujipiga ambazo simu hiyo ingeweza kupiga.

Kuna jambo jingine ambalo limekuwa likinikera kwa muda. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera, likaua na kubomoa nyumba nyingi Bukoba na vijijini. Maelfu ya watu siku hiyo walikuwa na simu mfukoni, na nyingi zilikuwa na kihisi cha mchapuko kilichohisi ardhi ikitikisika. Taarifa hizo zilipita katika chipu na kupotea, kwa kuwa hakuna aliyeziuliza. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikuwa wametoa programu inayozigeuza simu kuwa kituo cha kupimia matetemeko, na tangu 2020 Google imejenga mfumo wa namna hiyo ndani ya Android unaofanya kazi katika makumi ya nchi. Bonde la Ufa limepita katikati yetu. Vipima mitetemeko vya kitaalamu tulivyonavyo ni vichache kwa eneo kubwa kama hili, na vyuo vyetu vina vijana wanaoweza kuandika programu. Sioni sababu ya kungoja wengine watusomee taarifa za mifuko yetu wenyewe.

Je, tunaweza kuzitengeneza mashine hizi hapa? Jibu langu ni kwamba swali hili si la ndoto kama lilivyokuwa. Chipu za kisasa za kompyuta hutaka mitambo ya mabilioni ya dola, lakini MEMS nyingi zina maumbo ya mikromita moja au zaidi, na hutengenezwa katika viwanda vya kizazi kilichopita, juu ya sahani za milimita 150 au 200. Huko Nyeri, katika eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kampuni ya Semiconductor Technologies Limited imejenga kiwanda chenye chumba safi, na Mei 2024, Rais William Ruto alipozuru Washington, Marekani ilitangaza kushirikiana na Kenya katika sekta hii kupitia mfuko uliotokana na sheria yake ya CHIPS ya mwaka 2022, ya kukuza utengenezaji wa chipu. Ni hatua ya kweli nami naifurahia. Hata hivyo sahani moja hutoa maelfu ya vihisi, na kiwanda kinachokosa mteja wa mamilioni hugeuka jumba la maonyesho. Umeme usiokatika, maji safi kupita kiasi na gesi hatari ni gharama za kila siku, si za siku ya uzinduzi.

Ndiyo maana ningependa tuanzie pale ambapo wenye viwanda wakubwa hawana jibu: kufunga, kuhakiki vipimo na kujua vifaa huzeeka vipi katika mazingira yetu. Kituo kinachoweza kuchukua chipu tupu, kuifunga katika kasha linalostahimili chumvi ya Mtwara na vumbi la Dodoma, kuipima kwa mwaka mzima na kuiuza ikiwa na cheti kinachoaminika kingekuwa na wateja kuanzia wakulima wa umwagiliaji hadi mamlaka za hali ya hewa, na hakingehitaji kuchonga silikoni hata siku moja. Ujuzi huo haununuliwi popote kwa kuwa hakuna aliyeutengeneza. Wanafunzi wangu sasa wana vipande ishirini juu ya paa, kumi vikiwa na vifuniko vya aina tofauti walivyobuni wenyewe, na daftari la kuandika kila Ijumaa. Kufikia sasa kifuniko kinachoongoza kimetengenezwa kwa utando mweupe wa mabombani, ule ambao mafundi bomba huzungushia nyuzi za viungio. Unazuia matone na kupitisha mvuke.

Wiki iliyopita nilipita tena Kariakoo. Nilikuwa nimempelekea yule kijana picha ya utando uliochanika, niliyoipiga kwa hadubini, na kumweleza kwamba tundu lile lisichomwe kwa pini, lisipulizwe kwa upepo wa nguvu, wala bodi isioshwe kwa spiriti likiwa wazi. Nilimkuta ameinama juu ya simu ya mteja, blowa mkono wa kulia. Kabla ya kuiwasha alikata kipande kidogo cha tepu ya kahawia, ile isiyoungua, akakibandika juu ya tundu la maiki na kukikandamiza kwa ukucha.

"Mwalimu," alisema bila kuinua macho, "ile picha yako nimeibandika ukutani. Wateja wananiuliza ni ngoma ya wapi."